Kuweka barua pepe kwenye simu: fungua mwenyewe, nenosiri ulijue mwenyewe

Kiroboto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ndiye yule mtu ambaye ndugu wakikutana tu, simu tatu zinasukumwa mbele yake: "Hebu niwekee imeili humu." Nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hiyo nayaandika mara moja. Nikisumbuliwa tena natuma kiungo cha uzi huu nakaa kimya.

Swali langu la kwanza huwa: anwani unayo, au tufungue mpya? Jibu ninalopewa mara nyingi ni "sijui". Sasa sikia. Kama simu yako ni ya Android na unapakua programu kutoka Play Store, basi akaunti ya Google unayo, maana bila hiyo Play Store haikupi kitu. Na karibu kila mara akaunti hiyo ina Gmail yake, hata kama hujawahi kutuma barua hata moja. Aliyekuwashia simu siku ya kwanza, awe muuzaji, fundi au mtoto wa dada, ndiye aliyeifungua. Nenosiri alilobuni siku ile huenda alilisahau kabla hujafika mlangoni.

Ingia Mipangilio, tafuta palipoandikwa Akaunti (simu nyingine huandika "Nenosiri na akaunti", nyingine huunganisha na hifadhi nakala). Anwani utaiona hapo.

Niliposhika simu ya shemeji nikakuta anwani yenye jina lake na tarakimu 3 mwishoni. Nikamuuliza, ya 1 na ya 2 ziko wapi? Kumbe kila alipobadilisha simu alifunguliwa nyingine. Picha za mwanawe akiwa mchanga zimebaki kwenye ile ya kwanza, na hakuna anayejua nenosiri. Google nao wana kanuni ya kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka 2, na walianza kuitekeleza Desemba 2023. Tulikaa na ile simu mpaka usiku. Hatukuipata.

Basi tukienda kufungua mpya, mambo machache tu yana uzito:

Tarehe ya kuzaliwa andika ya kweli. Watu hubonyeza mwaka wowote ili wasonge mbele, wanajikuta "wamezaliwa" majuzi. Umri wa chini katika nchi nyingi ni miaka 13, kwingine zaidi, na mfumo ukiona hujaufikisha akaunti inaweza kufungwa.

Anwani iwe ya kutamkika kwenye simu bila kurudia mara tano. Kwa Gmail nukta hazihesabiki: jina.langu na jinalangu ni sanduku moja. Herufi kubwa na ndogo nazo ni mamoja.

Namba ya simu na anwani ya pili ya kurejeshea akaunti: weka zote mbili, ziwe zako. Si namba ya fundi. Si namba ya laini unayotaka kuitupa mwezi ujao.

Nenosiri liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Najua wataalamu watanirukia. Lakini mwizi wa mtandaoni haoni daftari lililo kabatini mwako, na ninayemwona kila wiki ni mtu aliyesahau nenosiri lake mwenyewe, si mtu aliyeibiwa daftari. Kama unaweza kutumia programu ya kutunza manenosiri, tumia, ni bora zaidi. Usichofanya ni kuiachia simu ikukumbukie peke yake. Simu ikipotea imeondoka na kumbukumbu yako.

Kama anwani unayo tayari, kazi ni dakika tano. Fungua programu ya Gmail, gusa picha yako juu kulia, chagua kuongeza akaunti nyingine. Programu hiyohiyo inabeba Outlook, Yahoo na nyinginezo, huna haja ya kuwa na programu nne. Kwenye iPhone ingia mipangilio, tafuta Mail, kisha sehemu ya akaunti, uongeze. Katika matoleo mapya Mail imehamishiwa ndani ya orodha ya programu, ndiyo maana maelekezo ya zamani yanawapoteza watu. Watoa huduma wakubwa watakufungulia ukurasa wao wa kuingilia, unaandika anwani na nenosiri, basi. Hutaulizwa habari za seva (kompyuta ya mtoa huduma inayotunza na kusafirisha barua).

Kasheshe ni barua pepe ya kazini au ya tovuti yako mwenyewe. Hapo utaulizwa: IMAP au POP3?

Chagua IMAP. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuchagua nyingine. POP3 ni kama kwenda kwenye sanduku la posta, kubeba barua zote na kuacha sanduku tupu. IMAP ni kuzisomea palepale zilipo: ukiisoma kwenye simu, kwenye kompyuta nayo inaonekana imesomwa, na nakala inabaki kwenye seva. Miaka hiyo niliweka barua za kazini kwa POP3, na palikuwa na alama ya tiki kwenye kisanduku kilichosema barua zifutwe kwenye seva zikishapakuliwa. Sikukisoma. Miezi minane baadaye simu ikaangukia kwenye ndoo ya maji. Kompyuta ya ofisini: kikasha kitupu. Seva: tupu. Barua za miezi minane zilikuwa ndani ya ndoo.

Namba za poti (milango ya seva), kwa walioshika karatasi ya mtu wa IT; SSL/TLS na STARTTLS ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani: IMAP yenye SSL/TLS ni 993. POP3 ni 995. Kutuma ni SMTP, poti 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Jina la mtumiaji karibu kila mahali ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata.

Maswali leteni.

---

Mama Pacha

Ahsante sana kaka. Mimi ndiye huyo shemeji, ila wa nyumba nyingine 😅 Simu ya zamani ninayo, imepasuka kioo lakini inawaka, na ile anwani ya mwanzo imo, barua zinaingia. Nenosiri silijui, na namba niliyoandikishia laini yake nilishaitupa. Nifanyeje?

---

Kiroboto

Dada, hiyo simu iliyopasuka ni dhahabu. Usiifute, usiiondolee akaunti, usimpe mtoto achezee.

Ichaji, iunganishe na intaneti. Kisha kwenye simu mpya jaribu kuingia na ile anwani, ukifika kwenye nenosiri chagua kwamba umelisahau. Google huwa wanatuma swali kwenye simu ambayo bado iko ndani ya akaunti: je, ni wewe? Unagusa ndiyo kwenye ile iliyopasuka. Fanya ukiwa nyumbani, kwenye mtandao uleule unaoutumia siku zote, kwa sababu mfumo unaangalia pia kama mahali na kifaa vinafahamika. Ukiruhusiwa tu, kabla hujafurahi, badilisha nenosiri na uweke namba mpya.

Namba ya zamani iondoe leoleo. Laini zisizotumika hurudishwa sokoni, akauziwa mtu mwingine. Siku moja msimbo wako wa kurejesha akaunti utaingia kwenye simu ya mgeni.

---

Bwana Kejeli

Nani anatumia barua pepe siku hizi? WhatsApp ipo, mambo yanaisha.

---

Kiroboto

Kiungo cha kubadilisha nenosiri la humu jukwaani kilikuja kwenye nini, mkuu?

---

Bwana Kejeli

Sawa, umenipata. Naendelea kusoma.

---

Fundi Nyaya

Mkuu mwanzisha uzi naomba unitoe kwenye kamba. Ofisi wamenipa karatasi, nimejaza kila kitu kama ilivyo. Barua zinaingia vizuri, lakini kutuma hakuna kitu. Inazunguka weee, mwisho inasema haiwezi kuunganisha na seva. Nilivyojaza ni hivi (jina la kampuni nimelificha):

Kupokea: imap.xxxx.com, 993, SSL/TLS
Kutuma: smpt.xxxx.com, 25, bila usalama
Jina la mtumiaji: anwani nzima
Nenosiri: sahihi, nimelijaribu kwenye kompyuta

---

Kiroboto

Shida ni poti 25. Hiyo ni ya seva kuzungumza na seva. Mitandao mingi huifunga kwa wateja wa kawaida kwa sababu watuma barua taka waliitumia vibaya. Weka 587 na STARTTLS, au 465 na SSL/TLS. Halafu hakikisha sehemu ya "kuingia kunahitajika" upande wa kutuma imewashwa na ina jina na nenosiri lako. Watu hujaza upande wa kupokea, wa kutuma wanauacha mtupu wakidhani unajijaza.

---

Fundi Nyaya

Ngoja nijaribu nitaleta mrejesho.

---

Nyota Njema

Mimi yangu ni tofauti. Nina Gmail, nenosiri nina hakika nalo, kwenye kivinjari naingia bila shida. Nikiiweka kwenye programu moja ya barua ninayoipenda (si ya Gmail) inaniambia nenosiri si sahihi. Nimelibadilisha mara tatu! Sasa naogopa nitafungiwa.

---

Kiroboto

Acha kubadilisha, nenosiri lako halina kosa.

Zamani programu yoyote ilipewa nenosiri lako na kuingia nalo moja kwa moja. Mwishoni mwa Mei 2022 Google waliufunga mlango huo kwa akaunti binafsi. Microsoft nao wakafanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook Septemba 2024. Sasa programu inatakiwa ikupeleke kwenye ukurasa wa Google wenyewe, uingie pale, kisha ipewe kibali chake bila kuliona nenosiri lako. Programu ya kisasa inafanya hivyo. Yako inaelekea ni ya siku nyingi.

Njia mbili. Ya kwanza, isasishe au tumia nyingine. Ya pili ni nenosiri la programu: ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, washa uthibitishaji wa hatua mbili (baada ya nenosiri unathibitisha tena, mfano kwa msimbo), kisha utengeneze nenosiri la programu. Utapewa herufi 16 zilizogawanywa nne nne. Hizo ndizo unazijaza kwenye ile programu badala ya nenosiri lako la kawaida. Yahoo na iCloud wana utaratibu kama huo.

Na ukiwasha hatua mbili, chukua zile namba za akiba. Google wanakupa 10, kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye daftari lile nililosema.

---

Jicho la Kengeza

Nakazia hapo kwenye hatua mbili. Mimi niliwasha, msimbo ukawa unakuja kwenye SMS ya simu hiyohiyo. Simu ikaibiwa. Nikaenda kwa rafiki niingie kwenye imeili ili niitafute simu kwa ramani. Mfumo unaniambia: tumekutumia msimbo kwenye simu yako. Simu ambayo naitafuta! Nilicheka kwa uchungu. Mpaka nilipopata laini mpya yenye namba ileile, mwizi alishaizima.

---

Nyota Njema

Herufi 16 zimekubali!!! Barikiwa. Yaani wiki mbili nzima nilijiona mjinga.

---

Mzee wa Busara Kiasi

Wanangu, mimi mambo haya nimechelewa. Nimefungua leo kwa kufuata uzi huu, mwenyewe, bila kumwita mjukuu. Anwani yangu ni ██████████ na mkitaka kunijaribu nitumieni barua.

---

Kiroboto

Hongera sana mzee wangu! Ila shikamoo, na naomba radhi, nimewaomba wasimamizi waifunike hiyo anwani. Jukwaani wapo wanaozunguka kukusanya anwani ili watume barua za kitapeli. Mimi nimeshaiona na nimekutumia barua ya kwanza. Itafute kwenye Kikasha, ikikosekana angalia kwenye Barua Taka.

---

Mzee wa Busara Kiasi

Marahaba. Ilikuwa kwenye taka. Nimeitoa. Ndiyo heshima gani hiyo, barua yako ya kwanza kutupwa jalalani.

---

Kiroboto

😂 Mzee, kwa mfumo mimi ni mgeni nisiyejulikana. Ukigusa kwamba si taka, huko mbele utanipokea vizuri.

---

Mtu wa Kando

Swali: barua zangu zinachelewa. Nikifungua programu zinaingia kwa mkupuo, nisipofungua kimya. Bosi anadhani namdharau.

---

Kiroboto

Kwenye Android mtuhumiwa wa kwanza ni kuokoa betri. Simu nyingi huilaza programu usiyoifungua kwa muda. Nenda kwenye mipangilio ya programu yenyewe, upande wa betri, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kisha angalia kama usawazishaji wa akaunti umewashwa, na kama umezuia data ya chinichini kwa ajili ya kubana bando.

Kwenye iPhone ni hadithi nyingine. Gmail ukiiweka ndani ya Mail ya Apple haisukumwi papo hapo, simu ndiyo inayokwenda kuchota kila baada ya muda, na ukichagua iwe kwa mkono basi haichoti mpaka ufungue. Unataka ziingie mara moja? Weka programu ya Gmail yenyewe.

---

Mama Pacha

Kaka Kiroboto, NIMEINGIA. Ile simu iliyopasuka ilichukua saa nzima kuchaji, nikagusa ndiyo, ikakubali. Nimebadili nenosiri, nimeweka namba mpya. Picha zote zipo, hata ya wale wawili wakiwa kwenye beseni. Sasa naweza kuitoa akaunti kwenye simu ya zamani? Nikiitoa barua hazifutiki?

---

Kiroboto

Dada umenifurahisha, nitamwonesha shemeji yangu asinisemeshe wiki nzima.

Kuiondoa akaunti kwenye simu hakufuti akaunti. Barua ziko kwenye seva za Google, simu ni dirisha tu. Ila angalia mambo mawili. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kwenye akaunti hiyo yatatoweka kwenye simu ile, usishtuke, yako kwenye hii mpya. Na picha: hakikisha zimeshapanda kabla hujaitoa. Zilizomo kwenye simu peke yake hazifuati akaunti. Ukumbuke pia nafasi ya bure ni GB 15 kwa barua, picha na Drive kwa pamoja. Ikijaa, hata barua mpya hazipokelewi.

---

Jicho la Kengeza

Na kama ataiuza au kuigawa, aitoe akaunti KWANZA kisha ndiyo aifute simu. Android tangu toleo la 5.1 zina kufuli: simu ikifutwa kwa kulazimishwa, ikiwaka inadai nenosiri la akaunti ya mwanzo. Nilinunua simu iliyotumika hivyo, mwuzaji hakumbuki nenosiri, mimi nimeshika kioo cheusi.

---

Bwana Kejeli

Na mimi nina swali, msinicheke. Nikiongeza ya ofisini inanitolea onyo kwamba cheti cha usalama si cha kuaminika, niendelee au nisiendelee. Nabonyeza endelea kila siku.

---

Kiroboto

Usibonyeze tena kwanza. Angalia tarehe ya simu. Cheti ni kitambulisho cha seva na kina tarehe zake, kwa hiyo tarehe ya simu ikiwa imerudi nyuma miaka, kila cheti kitaonekana kibovu. Kama tarehe ni sawa, basi mara nyingi jina la seva ulilojaza si lile lililoandikwa kwenye cheti. Kampuni nyingi hupangisha seva, cheti kikawa na jina la mwenye seva. Waulize watu wako wa IT jina kamili. Ukizoea kukubali kila onyo, siku likija la kweli utalikubali pia, na hapo nenosiri limeshaenda.

---

Bwana Kejeli

Tarehe inasema ni mwaka 2019. Nimekaa kimya.

---

Fundi Nyaya

Mrejesho: nimeweka 587 na STARTTLS, imegoma. Nimeweka 465 na SSL/TLS, imegoma. Nimewasha kuingia kunahitajika, nimejaza jina na nenosiri. Nimezima na kuwasha simu. Nimetoa akaunti na kuirudisha mara mbili. Bado inasema seva haipatikani. Jamaa wa IT anasema kwake kila kitu kiko sawa, tatizo ni simu yangu. Nimeshaanza kuangalia simu mpya mtandaoni.

---

Kiroboto

Dah. Jaribu kwa WiFi badala ya data, au kinyume chake. Kama ni ileile, basi omba IT wakuangalizie kama

---

Kiroboto

(Samahani, nimetuma kabla ya kumaliza.) Kama akaunti yako imeruhusiwa kutuma ukiwa nje ya mtandao wa ofisi.

---

Mzee wa Busara Kiasi

Wanangu, mimi utaalamu sina, lakini nilikuwa msahihishaji wa maandishi miaka mingi. Fundi, umeandika smpt. Kiroboto kule juu ameandika SMTP. Ipi ni ipi?

---

Fundi Nyaya

...

---

Fundi Nyaya

Nimerudi kwenye karatasi. Karatasi imeandikwa vizuri kabisa. Ni mimi.

Imetuma.

---

Kiroboto

Na mimi nimeisoma mara tatu nikapita juu yake nikikimbilia poti. Mzee, shikamoo tena.